Kulainisha Hedifoni Mpya: Kinachobadilika na Kisichobadilika

Kulainisha hedifoni ni desturi ya kuziacha zipige muziki au mvumo kwa saa nyingi kabla mwenye nazo hajaanza kuzitegemea, kwa imani kwamba spika zake zikiwa mpya huwa ngumu na sauti yake huwa kali, kisha hulegea na sauti ikatulia. Wapenzi wa vyombo vya muziki hutaja saa 20, 50, 100, wengine hata 200. Kwa hedifoni nyingi, mabadiliko ya spika yenyewe ni madogo kiasi kwamba sikio haliyatambui. Yanayosikika katika wiki za mwanzo hutokana zaidi na mito inayogusa kichwa, kiasi cha sauti, na masikio kuzoea.

Suala hili linagusa mfuko. Mtu anayesikiliza saa mbili kwa siku huhitaji siku 100 kufikisha saa 200. Maduka mengi yanayokubali kurudishiwa bidhaa hutoa wiki moja, mbili, au mwezi. Anayengoja hedifoni zisizompendeza "zilainike" huamka siku muda wa kuzirudisha ulipokwisha, na sauti ni ileile.

Ndani ya kikombe

Spika ya hedifoni ya kawaida ina upana wa milimita 30 hadi 50 hivi. Kiwambo chake ni utando mwembamba wa plastiki, na nyuma ya utando huo imegandishwa koili ya waya mwembamba unaokaa katika uwazi wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika koili, koili husukumwa na kuvutwa, utando hufuata, na hewa iliyo kati ya utando na sikio hutikisika.

Imani ya kulainisha ilitoka kwa ndugu wakubwa wa hedifoni, spika za sebuleni na za kumbi, na huko ina msingi. Spika kubwa ya besi ina koni nzito iliyoshikiliwa na ukingo wa mpira au povu kwa mbele, na kwa nyuma na kitambaa chenye mikunjo kilichokaushwa kwa gundi ngumu. Inapotikiswa kwa nguvu mara ya kwanza, nyuzi na gundi ya kitambaa hicho hulegea kidogo, na masafa ambayo spika hutikisika kwa urahisi zaidi hushuka. Jambo hili hupimika. Hata hivyo sehemu kubwa ya kulegea huko hutokea mapema, katika dakika za mwanzo za kutikiswa sana.

Hedifoni hazina kitambaa hicho. Utando uleule ndio koni na ndio mshikizo wake, na mwendo wake wa kwenda na kurudi ni sehemu ndogo ya milimita, kwa sababu hewa inayopaswa kutikiswa ni ile tu iliyofungiwa mbele ya sikio. Chenye kulegea ni kidogo tangu mwanzo. Zipo pia iafoni za kuingiza sikioni ambazo spika yake ni kiulimi cha chuma kinachotikisika katikati ya sumaku. Hizo hazina utando mpana wala mshikizo laini wa kulainishwa.

Vipimo vinasema nini

Tyll Hertsens, mwandishi wa Marekani aliyeendesha tovuti ya InnerFidelity na kupima hedifoni kwa kichwa bandia chenye maikrofoni masikioni, alichunguza suala hili mwaka 2011 kwa hedifoni za AKG Q701. Alizichezesha muda mrefu huku akizipima mara kwa mara. Mabadiliko aliyoyaona yalikuwa madogo, na ilikuwa vigumu kuyatenganisha na yale yanayotokea kikombe kikisogea kidogo tu juu ya sikio. Kampuni ya Shure nayo, iliyoanza kuuza iafoni za E1 mwaka 1997, imeeleza kwamba jozi zilizotumika sana zilipopimwa tena zilitoa matokeo yaleyale ya siku zilipotoka kiwandani.

Hilo la kikombe kusogea ndilo kiini cha mjadala wote. Hedifoni zikivuliwa na kuvaliwa tena, sauti nyembamba za juu, kama za matoazi na herufi "s" ya mwimbaji, huweza kupanda au kushuka kwa desibeli kadhaa. Besi hubadilika zaidi: mwanya mdogo kati ya mto na ngozi unaweza kuondoa desibeli 10 au zaidi za sauti nzito. Mtu anayelinganisha sauti ya Jumatatu na ya Ijumaa analinganisha pia namna mbili za kuvaa, na tofauti ya kuvaa humeza ya spika.

Vitu vinne vinavyobadilika kweli

*Mito.* Sponji ikiwa mpya ni ngumu na imevimba. Joto na uzito wa siku nyingi huilainisha, ikashika umbo la taya na kuziba mianya nyuma ya sikio. Besi huongezeka. Sponji ikibonyea, spika pia hukaribia sikio, na sauti za kati na za juu hubadilika. Kama kuna kitu kwenye hedifoni kinachostahili kuitwa kulainika, ni hiki, na hakitokei hedifoni zikiachwa mezani zikijipigia muziki usiku kucha. Kulainika huko kunahitaji kichwa.

*Upinde.* Upinde mpya hubana zaidi. Baada ya wiki kadhaa hulegea kidogo. Kwa kichwa kidogo huko kunaweza kupunguza mbano hadi besi ikavuja, yaani sauti ikaharibika badala ya kuboreka.

*Ubongo.* Mwaka 1998, Paul Hofman na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha katika jarida la Nature Neuroscience jaribio ambalo watu wazima walivalishwa vibandiko vilivyobadilisha umbo la masikio yao ya nje. Mara moja walipoteza uwezo wa kujua sauti inatoka juu au chini. Waliendelea kuishi na vibandiko hivyo kwa wiki kadhaa, na uwezo ule ukarudi taratibu. Masikio hayakubadilika, bali ubongo ulijifunza kusoma sauti iliyopindishwa. Hedifoni mpya nazo hupindisha sauti kwa namna yake, na ukali uliokera siku ya kwanza huwa kawaida kufikia ya kumi. Kuna pia mazoea matupu: Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara nyingi tu.

*Kiasi cha sauti.* Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupungukiwa na besi kuliko sauti za kati. Anayeongeza sauti kidogo bila kujua husikia besi imejaa na muziki umechangamka. Tofauti ya desibeli moja haitambuliwi kama "sauti kubwa zaidi", lakini hutambuliwa kama "sauti nzuri zaidi". Wauzaji wa vyombo vya muziki wanaijua siri hiyo siku nyingi.

Kwa hedifoni za Bluetooth kuna la tano, nalo halina uhusiano na utando: masasisho ya programu yake ya ndani. Kiwanda kinaweza kubadilisha sauti au nguvu ya kuzima kelele kupitia simu ya mwenye nazo usiku akiwa amelala. Asubuhi mwenyewe akadhani zimelainika.

Hatua za dukani

Katika maduka mengi ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, risiti huja na onyo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hapo jaribio la dukani ndilo jaribio lenyewe.

1. Mnunuzi aende na simu yake, ikiwa na nyimbo tatu au nne anazozijua vizuri na zilizopakuliwa, zisitegemee mtandao wa dukani. Wimbo mmoja uwe na besi nzito inayoendelea, mwingine sauti ya mtu mmoja iliyo karibu, na mwingine ala nyingi kwa pamoja. Taarabu yenye fidla, kanuni na dumbaki hufaa sana kwa hilo la mwisho.
2. Ikwalaiza na viongeza-besi vyote vizimwe, kwenye simu na kwenye programu ya hedifoni.
3. Hedifoni zivaliwe kama zitakavyovaliwa kila siku: juu ya ushungi, pamoja na miwani, juu ya misuko. Kuvua miwani ili kusikiliza vizuri dukani ni kujidanganya.
4. Wimbo wenye besi ukiendelea, vikombe vibonyezwe taratibu kwa viganja. Besi ikiruka sana, mito haizibi kwa kichwa hicho. Sponji mpya italainika kiasi, lakini mwanya unaosababishwa na fremu ya miwani hautaondoka.
5. Kwa iafoni, vipira vya ukubwa wote uliomo kwenye boksi vijaribiwe. Wengi hubaki na vipira vya kati walivyovikuta vimevalishwa, wakalalamikia besi hafifu miezi mitatu.
6. Sauti ya mwimbaji isikilizwe ikiwa katikati ya kichwa. Ikivutika upande mmoja, hedifoni zigeuzwe kushoto kwenda kulia. Mvuto ukihama pamoja nazo, kasoro ni ya hedifoni au ya simu. Ukibaki palepale, ni ya sikio.
7. Hedifoni zivaliwe dakika 15 mfululizo. Maumivu juu ya utosi au kwenye ndewe ni sababu tosha ya kuziacha.

Muuzaji akijibu malalamiko ya sauti kwa kusema "hizo zitalainika zenyewe", mnunuzi ahesabu kwamba hajajibiwa. Sauti ya bati, upande mmoja dhaifu na mkwaruzo wa besi haviponi kwa kuchezeshwa. Kwenye bidhaa feki huwa ndiyo dalili ya kwanza.

Siku za mwanzo nyumbani

Pale muda wa kurudisha upo, utumike wote, lakini kwa kusikiliza.

1. Tarehe ya mwisho ya kurudisha iandikwe kwenye kalenda siku ileile, na boksi, plastiki na risiti vitunzwe. Kwa aliyenunua mtandaoni katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria humpa kwa kawaida siku 14 za kubatilisha ununuzi bila kueleza sababu.
2. Siku ya kwanza maoni yaandikwe kwa maneno mahsusi: "s" inachoma, besi inavuma wimbo fulani, sauti ya mwimbaji iko mbali. Maneno kama "haijachangamka" hayatasaidia baadaye.
3. Hedifoni zitumike kwa shughuli za kawaida kwa siku tano au sita, sauti ikiwa ya wastani. Hizi ni siku za mito na masikio kuzoea, na zinatosha.
4. Nyimbo zilezile zisikilizwe tena, simu ikiwa kwenye kiwango kilekile cha sauti, na maandishi ya siku ya kwanza yapitiwe moja moja.
5. Baada ya hapo hedifoni za zamani zivaliwe kwa wimbo mmoja. Zikisikika ngeni sasa, ni masikio yaliyohama.
6. Uamuzi ufanywe siku mbili kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kero iliyobaki ichukuliwe kuwa ni tabia ya hedifoni hizo.

KISANDUKU CHA TAHADHARI: SAUTI NA MASIKIO

Kusikiliza kwa sauti kubwa ili "kuzifungua" hedifoni huumiza kiungo kisichokuwa na vipuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima wastani wa desibeli 80 usiozidi saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zikiongezwa, muda hupungua kwa nusu:

- desibeli 80: saa 40 kwa wiki
- desibeli 83: saa 20
- desibeli 86: saa 10
- desibeli 89: saa 5
- desibeli 92: saa 2 na nusu

Simu nyingi za sasa zina kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Kiwekwe kabla ya siku ya kwanza kuisha. Mlio masikioni au usikivu kuwa mzito baada ya kuvua hedifoni ni ishara kwamba sauti ilikuwa kubwa mno.

Kwa anayetaka bado kuzichezesha

Hakuna hasara kubwa katika kuziacha hedifoni zipige muziki usiku mmoja, mradi masharti matatu yatimizwe. Sauti isizidi ile ya kusikilizwa kwa raha, kwa sababu koili inayosukumwa kwa nguvu kwa saa nyingi hupata joto na inaweza kuungua. Hedifoni za betri zisiachwe zikichajiwa chini ya mto wa kulalia au juu ya godoro. Na zisiwekwe ubavu kwa ubavu na vikombe vikibanana, kwani sponji zitabonyea mahali pasipofaa. Milio maalumu ya kulainishia inayouzwa haina kazi ambayo muziki wa kawaida hauwezi kuifanya.

Jaribio la watu wawili

Ubishi ukizidi, upo utaratibu wa kuumaliza. Unahitaji jozi mbili mpya za aina moja, kwa mfano za marafiki wawili walionunua pamoja. Kulinganisha jozi mpya na jozi ya mtu iliyotumika mwaka mzima hakusaidii: mito ya ile ya zamani imebonyea, na jozi mbili kutoka kiwanda kimoja hazifanani kabisa hata siku ya kwanza.

1. Jozi zipewe alama A na B mahali ambapo msikilizaji hawezi kuona wala kugusa.
2. Msikilizaji afumbe macho. Msaidizi arushe sarafu kuamua jozi ipi, amvalishe, na acheze sekunde 20 za wimbo kwa kiwango kilekile. Msikilizaji asiguse vikombe.
3. Msikilizaji aseme A au B. Msaidizi aandike bila kusema kama ni sahihi. Irudiwe mara 10. Duru hii ni ya kujua kama jozi zilitofautiana tangu mwanzo.
4. Jozi B ichezeshwe saa zote zinazodaiwa, ikiwa mezani, bila kuvaliwa, ili mito ibaki mipya. A ibaki kwenye boksi.
5. Duru ya mara 10 irudiwe.

Anayebahatisha hupata 9 au 10 sahihi kati ya 10 takriban mara 1 katika majaribio 100. Matokeo hayo katika duru ya pili, ilhali duru ya kwanza yalikuwa 5 au 6, ni ushahidi wa kuheshimiwa. Alama 8 zinataka duru nyingine. Alama 7 kushuka chini hazitofautiani na za kurusha sarafu.

Makosa yanayoharibu jaribio hili ni yaleyale kila mara: msaidizi kusitasita au kutabasamu jozi fulani inapofika, duru kusimamishwa mapema matokeo yakipendeza, na sauti kuguswa katikati. Jaribio la kumbukumbu, yaani kusikiliza leo na kukumbuka wiki ijayo, halifai kabisa. Kumbukumbu ya undani wa sauti hufifia ndani ya sekunde chache, na linalobaki ni maoni.

Kwa mwenye maikrofoni ya kupimia

Mafundi wa sauti wanaweza kulitazama suala lenyewe bila masikio kuingilia. Maikrofoni ya USB kama UMIK-1 ya miniDSP na programu ya bure ya Room EQ Wizard vinatosha. Maikrofoni hupitishwa katika tundu kwenye ubao laini hadi ncha yake ilingane na uso wa ubao, kisha kikombe hulazwa juu yake na kufungwa kwa mpira kisisogee. Grafu inayotokana na ubao kama huu haitafanana na ya kichwa cha mtu, lakini hapa kinachotafutwa ni tofauti tu.

Mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000 hupigwa mara tano bila kugusa kitu, na mistari mitano inayotokea huonyesha kosa la kifaa chenyewe. Kisha kikombe huinuliwa na kurudishwa mara tano. Mistari hii ya pili hutawanyika zaidi, hasa kwenye ncha mbili za besi na sauti nyembamba, na mtawanyiko huo ndio kipimo cha kuhukumia kila dai. Baada ya hapo kikombe hufungwa tena, huchezeshwa saa 24, na kupimwa bila kuguswa. Badiliko lolote lisilotoka nje ya mtawanyiko wa kuvaa halina maana kwa msikilizaji, hata kama chombo kimeliona. Joto la chumba liangaliwe, kwani sponji na utando huathirika nalo, na mchana wa Mombasa si usiku wake.

Badiliko linapokuwa kasoro

Sauti ikibadilika ghafla, au baada ya miezi, sababu hutafutwa kwa mpangilio huu:

- Upande mmoja wa iafoni umefifia: wavu wa mdomo wa iafoni umezibwa na nta ya sikio. Usafishwe kwa brashi laini kavu, mdomo ukiangalia chini. Sindano hutoboa wavu.
- Mkwaruzo kwenye besi: mara nyingi unywele umepita sponji ukagusa utando. Mto uvuliwe, unywele uondolewe kwa kibano, utando usiguswe.
- Sauti inakatika waya ukisogea: waya au soketi. Ujaribiwe waya mwingine kama unachomoka.
- Hedifoni za Bluetooth zimebadilika usiku mmoja: tarehe ya sasisho na mipangilio ya ikwalaiza vikaguliwe.
- Besi imepungua taratibu: mito imebonyea au imepasuka.

Hilo la mwisho huwapata mapema watu wa pwani. Ngozi bandia ya mito mingi ni ya poliyurethani, na unyevu wa hewa pamoja na jasho huivunja hadi ikaanza kubanduka vipande vyeusi. Mito ifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya matumizi na isiachwe ndani ya gari lililo juani. Hedifoni kama Sony MDR-7506 na Sennheiser HD 600 zina mito inayobadilishwa kwa mkono, na yafaa kununua ya umbo na unene uleule, kwa kuwa mto mnene zaidi au wa kitambaa hubadilisha sauti waziwazi. Mito mipya ikivalishwa, sauti hurudi karibu na ilivyokuwa siku ya kwanza, pamoja na ule ukali wa siku ya kwanza, hadi sponji ilainike tena.